Uchambuzi wa kisa: Faiba ilifika barazani, kazi ilikuwa uani

Kisa hiki ni cha nyumba moja Ngamiani, Tanga mjini, ambako niliitwa kusaidia mambo ya intaneti. Wenyewe wameniruhusu nikiandike, ila nimeondoa majina, namba ya barabara, jina la kampuni ya intaneti na jina la mwajiri anayehusika. Watu nitawaita kwa nafasi zao tu. Nakiandika kirefu kwa sababu naona nyumba nyingi za mji huu zinapitia hali hii hii, watu wanalipa hela nyingi kila mwezi na bado simu inakatika, halafu lawama zote zinapelekwa kwenye spidi.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ile ya Kiswahili ya zamani tunayoijua wote, baraza mbele, ukiingia mlangoni unakutana na korido ndefu inayonyooka mpaka uani, vyumba huku na huku. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kweli, sehemu nyingine unene wake unafika kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Juu bati. Uani kuna jiko, choo, mnara wa zege wenye simtank, na nyuma kabisa kuna banda la tofali la vyumba viwili lililojengwa miaka ya karibuni. Naomba msomaji aikamate hiyo ramani manake kisa chote kiko humo.

Bi Mkubwa ndo mwenye nyumba, chumba chake kiko mbele upande wa baraza, na wanawe wawili wako Muscat, kila siku baada ya Isha wanapigiana video. Binti yake, nitamwita Dada, anakaa kwenye banda la nyuma na amepata kazi ya huduma kwa wateja ya kampuni ya nje, anapokea simu za wateja kupitia kompyuta, zamu yake inaanza saa tatu usiku kwa sababu huko kwao ndo mchana. Mdogo wake wa kiume yuko chuo na chumba chake kiko katikati ya korido. Mjomba yuko Dar, yeye ndo alijitolea kulipia.

Mwajiri wa Dada alikuwa na masharti yake na yalikuwa ya maandishi. Spidi isipungue Mbps 10 kushuka (data inayoingia kwako) na Mbps 5 kupanda (unayotuma), kompyuta iunganishwe kwa waya na sio waifai, iwepo njia ya akiba, na kazi yote ipite kwenye VPN ya kampuni, yaani njia ya siri ndani ya intaneti inayoiunganisha kompyuta na mtandao wa kampuni. Hilo la VPN lina utaratibu wake kwetu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwao, kwahiyo Dada alimwomba mwajiri barua na akalimaliza mapema kabla hajaanza hata zamu ya kwanza. Nampongeza kwa hilo, wengi wanalikumbuka wakishaulizwa.

Kabla ya hapo nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa bando za simu, kila mtu na lake, na likiisha la Bi Mkubwa anawashiwa hotspoti na Mdogo.

Njia zilizokuwa mezani

Mjomba alikuja na wazo la dishi la satelaiti, kuna mtu alimwambia ndo suluhisho la mikoani. Aina aliyokuwa anauziwa ni ile ya satelaiti inayokaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000. Hapo hesabu inakataa yenyewe, sauti ipande juu, ishuke, jibu nalo lipande na lishuke, hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde kabla hujaongeza ucheleweshaji mwingine wowote. Kwa kuangalia mpira ni sawa tu. Kwa mtu anayeongea na mteja mwenye hasira, mnagongana maneno mwanzo mwisho. Tuliliondoa mezani siku hiyo hiyo.

Ikabaki ruta ya laini, yaani 4G ya nyumbani, na faiba, intaneti ya waya wa kioo unaobeba mwanga, ambayo waya wake ulikuwa tayari umepita kwenye nguzo za mtaa.

Ruta ya laini ilikuwa inavutia. Unainunua leo, unachomeka leo, hakuna kutoboa ukuta, na Bi Mkubwa alikuwa ameshasema wazi kwamba ukuta wa marehemu mumewe hautobolewi hovyo. Lakini niliwaomba wasinunue kwanza. Waazime laini ya mtandao huo, waiweke kwenye simu, waende nayo mpaka kwenye meza ya Dada kule bandani na wapime mchana na wapime pia kuanzia saa mbili usiku, siku kadhaa mfululizo. Mdogo akaifanya hiyo kazi vizuri sana, akaandika kwenye daftari. Mchana ilikuwa inafika Mbps 30 kushuka na 12 kupanda, mtu akiona hivyo anakimbia dukani. Saa tatu usiku ileile laini, mezani palepale, ilishuka hadi 4, kupanda ikawa 1, na muda wa jibu ukawa unaruka, mara milisekunde 60 mara 400.

Sababu yake sio siri. Mnara mmoja unagawana uwezo wake kwa kila aliye chini yake, na Ngamiani watu wamebanana, sasa usiku kila mtu yuko kitandani na simu. Halafu ndo saa ya zamu ya Dada. Angepima mchana tu angenunua kitu kizuri sana kwa saa ambazo yeye amelala.

Kwahiyo uamuzi ukawa faiba iwe njia kuu na laini ibaki kuwa akiba. Walichagua kifurushi cha Mbps 20. Mjomba alitaka kikubwa zaidi, nikamwambia Mjomba tuanze hapa, sauti ya simu ya intaneti inakula kama Mbps 0.1 tu, na hata video ya Muscat, mpira wa Mdogo na kazi ya Dada vikiwa pamoja 20 inatosha. Hapa pia kuna jambo la kuelewana, Mbps ni megabiti, na baiti moja ina biti nane, kwahiyo Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Mdogo alikuwa anategemea kupakua faili la megabaiti 500 kwa sekunde 25, kumbe ni zaidi ya dakika tatu. Akielewa hilo mapema hagombani na mtu.

Kusubiri nafasi kwenye nguzo

Kampuni ilipopigiwa ilisema mtaa huo upo kwenye ramani, njooni mlipie. Wakalipia. Fundi alipokuja akakuta kisanduku cha kwenye nguzo kimejaa, hakuna tundu la kuunganisha nyumba mpya.

Faiba za majumbani nyingi ni za mfumo unaoitwa GPON, waya mmoja kutoka kituoni unabeba takriban Gbps 2.5 kushuka na nusu yake kupanda, halafu unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kigawanyio kikijaa kimejaa, waya unaweza kuwa unapita juu ya bati lako na bado wewe huna nafasi. Ndo maana swali la kumuuliza muuzaji kabla hela haijatoka ni "kisanduku cha nguzo yangu kina tundu wazi?" na sio "mpo mtaa huu?" Ukimuuliza hivyo inabidi amtume mtu akaangalie.

Walisubiri wiki kadhaa. Katikati ya kusubiri Dada alianza kazi kwa ruta ya laini, na hapa kulikuwa na ubunifu mdogo uliosaidia, waliipandisha ruta juu kwenye dirisha la banda linaloangalia upande wa mnara, bati likawa haliizibi tena, na wakati wa zamu nyumba nzima ikakubaliana kutogusa laini ile. Bi Mkubwa akahamisha video yake ikawa baada ya Magharibi. Mambo yalienda kwa shida lakini yalienda, na mwajiri hakumwondoa.

Siku ya kufunga

Fundi wa kampuni alikuwa kijana mwenye adabu zake, alipiga hodi, akamwamkia Bi Mkubwa, akapewa chai. Lakini alikuwa na nyumba nyingine za kufunga siku hiyo. Waya ulitoka kwenye nguzo ukaja mpaka juu ya baraza, ukapitishwa kwenye tundu la zamani la waya wa antena ya TV, ukaishia sebuleni nyuma ya kabati. Bi Mkubwa akafurahi, ukuta wake haujaguswa. Fundi akapima kwa simu yake akiwa amesimama palepale sebuleni, Mbps 20 kamili, akapiga picha ya skrini, akasainiwa karatasi, akaondoka.

Mimi siku hiyo sikuwepo, haya nimeelezwa na Mdogo, na aliniambia neno moja lililobaki kichwani, kwamba hakuna aliyemwambia fundi kuwa kazi inafanyika uani.

Usiku ule Dada akafungua kompyuta bandani. Waifai inaonekana, nukta moja ya signo, mara mbili, mara haipo. Spidi Mbps 1 na kidogo. Mteja wa kwanza alimkatikia katikati ya kutaja namba ya akaunti yake, ikabidi arudi kwenye ruta ya laini.

Hela zilizopotea katikati

Sasa hapa ndo sehemu iliyonifanya niandike. Familia ilikaa ikajadili, na jibu walilolipata lilikuwa jibu ambalo karibu kila familia ingelipata, intaneti iko slo, tuongeze spidi. Mjomba akapandisha kifurushi hadi Mbps 40, bei ikaongezeka kwa karibu mara mbili. Sebuleni ikawa inasoma 40. Bandani ikabaki moja na kidogo. Wakapiga simu kampuni kulalamika, kampuni ikaangalia kwenye mfumo wake ikaona kila kitu kiko sawa, na ilikuwa inasema kweli.

Wakaja na ripita, kifaa kinachodaka waifai na kuirusha tena mbele. Walinunua dukani, muuzaji akawaambia iwekeni pale ambapo signo haifiki. Wakaichomeka bandani, kwenye soketi ya Dada. Nukta zikajaa zote kwenye kompyuta, furaha, kumbe zile nukta zinaonyesha nguvu ya signo kati ya kompyuta na ripita tu. Ripita yenyewe ilikuwa inapokea makombo kutoka sebuleni, ukuta baada ya ukuta, na kitu hiki hakiwezi kutoa zaidi ya kinachopokea, tena nyingi za bei ndogo zinapokea na kutuma kwa redio moja kwa hiyo hata hicho kidogo kinagawanyika. Spidi ikashuka chini ya Mbps 1. Dada aliniambia baadaye kwamba kipindi kile alikuwa analia bafuni kabla ya zamu. Ajira ya binti, hela ya Mjomba inayotoka Dar kila mwezi, na tatizo liko hatua thelathini kutoka kwa kabati la sebule.

Ni kama kuletewa bomba la maji mpaka getini, halafu ndoo za uani hazijai, wewe unakwenda kuomba presha iongezwe barabarani.

Tulichofanya

Nilipoitwa nilianza na kifaa chenyewe cha faiba. Ukiingia kwenye ukurasa wake kuna sehemu inaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, inapimwa kwa dBm na namba ikiwa karibu zaidi na sifuri mwanga una nguvu zaidi, kwa mfumo huu ikiwa kati ya -8 na -27 dBm unakuwa salama, ukishuka chini ya hapo inaanza kukatika. Yao ilikuwa -27 na pointi. Nikavuta kabati. Waya wa faiba ulikuwa umekunjwa ukabanwa kati ya kabati na ukuta kona kali kabisa. Faiba ni kioo, ukiikunja sana mwanga unavuja. Tukaukunjua, tukauzungusha kwa duara pana na kuufunga kwa kamba za plastiki bila kukaza, ikapanda mpaka -21. Hilo peke yake lingekuja kuwaletea matatizo yasiyoeleweka baadaye, leo inafanya kazi kesho haifanyi.

Halafu nikatembea na simu kutoka sebuleni mpaka bandani, nasimama kila mlango napima, Mdogo anaandika. Hili nalipenda kwa sababu linamaliza ubishi, watu wanaona wenyewe. Sebuleni 40. Chumba cha kwanza 31. Chumba cha Mdogo 12. Mwisho wa korido 6. Ukitoka uani nyuma ya mnara wa simtank, 2. Bandani 1. Waifai ya GHz 5, ile ya kasi lakini isiyopenya kuta vizuri, ilikufa kwenye ukuta wa pili, ile ya GHz 2.4 inayofika mbali zaidi ndo ilijikokota mpaka uani, na hiyo ya 2.4 nayo ilikuwa inagombana na ruta za majirani, kwenye simu nilihesabu nyingi zikiwa zimejazana chaneli ileile, yaani njia moja ya mawimbi. Maji ya tanki yananyonya mawimbi, bati linayarudisha, mawe ya chokaa yanayapunguza. Hakuna kifurushi cha kampuni yoyote kinachobadilisha hivyo vitu vitatu.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa barazani anasikiliza. Akaniita, akasema, "Mwanangu, kwahiyo hiyo hela anayotuma kaka yangu inaishia kwenye ukuta wangu?" Nikamwambia ndio bi mkubwa, ndivyo ilivyo. Akanyamaza kidogo halafu akasema basi tafuta njia, lakini usinitobolee ovyo.

Njia ilikuwepo. Korido ina dari ya mbao na juu yake kuna nafasi, waya wa mtandao tukaupitisha humo kutoka sebuleni mpaka mlango wa uani, pale ukatokea chini ya ukingo wa bati, ukaingia kwenye paipu ya plastiki ya umeme na kufuata ukuta wa jiko mpaka bandani. Tundu jipya moja tu, na tulilitoboa kwenye tofali la banda, sio kwenye ukuta wa mawe. Waya wa aina hii unafanya kazi vizuri mpaka mita 100, hapa hatukufika hata nusu.

Nataka nikae kidogo kwenye waya wenyewe kwa sababu madukani kuna mtego. Kuna waya wa shaba tupu na kuna wa aluminiamu iliyopakwa shaba, kwa macho ni sawa na wa pili ni nafuu sana. Ukwangue kwa kisu, ukiona ndani ni mweupe uache. Unakatika ukiukunja, na ukitaka upitishe umeme wa kuwasha kifaa ndani yake unapata shida. Kwa Tanga naongeza na jambo lingine, upepo wa bahari una chumvi na jua letu linaunguza plastiki, waya wa ndani ukiuacha nje bila paipu ganda linapasuka, na viunganishi vinaota kutu ya kijani. Tuliacha viunganishi vyote ndani ya nyumba, huku nje ni waya mzima usio na kiungo. Na tuliutenganisha na waya wa umeme, hatukuulaza nao pamoja.

Bandani tukafunga kifaa cha kutoa waifai chenye matundu ya waya, kompyuta ya Dada ikachomekwa kwa waya kama mwajiri alivyotaka, na waifai yake ikahudumia simu na uani wote. Ile ya sebuleni tukaiweka chaneli 1 na ya bandani chaneli 11 kwenye GHz 2.4, kwa sababu 1, 6 na 11 ndo haziingiliani. Jina na nenosiri vya waifai ni vilevile sehemu zote mbili ili simu ya Bi Mkubwa ihame yenyewe akitoka mbele kwenda jikoni.

Usiku ule bandani ikasoma 40 kushuka kwa waya. Wiki iliyofuata nikamshauri Mjomba arudi kwenye Mbps 20 na akarudi. Nyongeza aliyokuwa ameilipa kwa ile miezi michache ilikuwa inazidi bei ya waya, paipu, kifaa na kazi yangu vyote kwa pamoja.

Umeme

Ukikatika umeme, kompyuta ya Dada ina betri yake. Vifaa vya intaneti havina. Lakini hapa faiba ina sifa moja ambayo wengi hawaijui, kile kisanduku cha kwenye nguzo hakitumii umeme kabisa, ni vioo tu vinavyogawa mwanga. Umeme unahitajika kituoni, ambako huwa kuna betri na jenereta, na kwako. Mtaa mzima ukiwa giza faiba yako inaweza kuwa hai kama wewe mwenyewe umewasha kifaa chako.

Vifaa vya nyumba ya aina hii vinakula umeme mdogo, wati 10 mpaka 20 hivi kwa pamoja, na vingi ni vya volti 12. Haihitajiki inveta. Walinunua UPS ndogo, yaani betri inayopokea kazi umeme ukikatika, ya volti 12 sebuleni, na nyingine kama hiyo bandani. Angalia volti na amperi zilizoandikwa kwenye adapta yako kabla hujanunua, ukilisha kifaa cha volti 9 kwa 12 unaweza kukiua. Umeme wao ulipokatika mara ya kwanza baada ya hapo zamu iliendelea, Dada akawasha na taa ya chaji. Kukatika kwingine kulikuwa kwa LUKU iliyoisha saa sita usiku, na tangu siku hiyo kununua umeme kabla ya zamu kukawa kazi ya Mdogo.

Nenosiri na majirani

Suala hili halikuwepo kwenye karatasi ya mwajiri lakini lilikuwa zito ndani ya nyumba. Baraza la Bi Mkubwa jioni lina watu, ndo maisha ya Ngamiani. Watoto wa jirani walishapata nenosiri, na Dada alikuwa anaona spidi inashuka saa za kazi. Alitaka libadilishwe na asipewe mtu. Bi Mkubwa akakataa, akasema mimi nimeishi na watu hawa tangu nimeolewa, siwezi kuwanyima kitu ambacho hakipungui nikiwapa.

Wote wawili nawaelewa. Tulichofanya ni kuwasha mtandao wa wageni kwenye ruta ya sebuleni, jina tofauti, nenosiri tofauti, spidi imewekewa kikomo cha Mbps 3, na walio humo hawawezi kuona vifaa vya ndani. Bi Mkubwa anagawa la wageni kwa amani, Dada anabaki na la kwake. Tukabadilisha na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, lile la kiwandani limebandikwa chini ya kifaa na kijana yeyote anayejua kusoma stika anaingia.

Siku akiba ilipokataa

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika, Tanzania ikiwemo. Faiba ya Dada taa zote zilikuwa kijani, hakuna taa nyekundu ya LOS, ile inayowaka mwanga wa faiba usipofika, lakini VPN haifunguki. Akawasha ruta ya laini, nayo ni vilevile. Kampuni mbili tofauti, teknolojia mbili tofauti, lakini njia zao za kwenda nje zilikuwa zinategemea bahari ileile.

Hapo hakuna cha kufanya nyumbani. Alichofanya vizuri ni kumwandikia msimamizi wake mapema kwa ujumbe wa simu, akaambatanisha habari iliyokuwa inazungumzwa kila mahali, akaomba siku zake zihesabiwe kama hitilafu ya nje. Walikubali. Akiba ya laini inamkinga na waya uliokatwa na lori mtaani, na kifaa kilichoungua, na bili iliyosahaulika. Ndo mipaka yake, na ni vizuri mwajiri akaijua tangu mwanzo.

Kilichofaa na kilichokwama

Kupima usiku mezani kwa mtumiaji ndo uamuzi bora kuliko yote ya kisa hiki, uliwaokoa na ununuzi mbaya bila gharama zaidi ya bando la kuazima. Kubaki na ruta ya laini baada ya faiba kufika nako kulilipa, kwa sababu ndo iliyobeba ajira kipindi chote cha vurugu.

Kilichokwama kina mzizi mmoja. Ombi la huduma lilifanywa na Mjomba aliye Dar, fundi akapokelewa na Bi Mkubwa, na mwenye kazi alikuwa amelala bandani kwa sababu anafanya kazi usiku. Watu watatu, kila mmoja na nia njema, na hakuna aliyekuwa na picha yote. Fundi alipewa lengo la kutotoboa ukuta na akalitimiza. Angeambiwa lengo ni meza ya bandani, angeweza kuupitisha waya wa faiba uchochoroni mpaka nyuma na kifaa kingekaa huko huko, na nusu ya kazi yangu isingehitajika. Kabla ya kusaini karatasi ya fundi, mchukue umpeleke mpaka mahali utakapokaa na kompyuta, apime hapo. Kama spidi ni mbovu hapo wakati yuko ndani ya nyumba yako na ngazi yake na drili yake, mnaongea palepale.

Kupandisha kifurushi bila kupima nalitenga kama kosa la pekee lililokuwa na bei kubwa. Kipimo cha kulizuia ni cha dakika mbili, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta yenyewe. Ukipata spidi unayolipia hapo, kampuni imemaliza kazi yake na tatizo liko ndani kwako. Usipoipata, hapo una haki ya kulalamika, anza na kampuni, utunze namba ya malalamiko yako na vipimo vyako vyenye tarehe na saa, na wasipokujibu unaweza kulipeleka TCRA ukiwa na hivyo vielelezo mkononi.

Yaliyobaki

Mkataba bado uko kwa jina la Mjomba, na kila kukiwa na jambo kampuni inataka iongee na yeye, kwahiyo Dada akiwa na hitilafu saa nne usiku lazima amwamshe mtu wa Dar. Wanaandaa kuuhamishia kwa jina la Dada, kitambulisho cha NIDA anacho, kinachosubiriwa ni Mjomba kushuka Tanga asaini.

Mdogo naye anataka kamera ya mlango wa mbele ambayo Bi Mkubwa ataiona kwenye simu akiwa kwa ndugu zake Pangani. Nimeangalia, anwani ya IP, namba inayoitambulisha nyumba kwenye intaneti, wanayopewa na kampuni ni ya kuchangia na wateja wengine, kwahiyo kamera ya mtindo wa kufungua njia kwenye ruta haitafikika kutoka nje. Nimemwambia atafute inayopitia seva ya mtengenezaji, na iunganishwe kwenye mtandao wa wageni, sio ule wa Dada.